Daktari Usiyemwona: Safari ya Kinyama Kutoka Tumboni Hadi Kwenye Hadubini

Matangazo ya nchi jirani. Maelezo ya kusomwa hewani na katika vikundi vya usikilizaji.

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka polepole.)

Mwite jirani msome pamoja.

Leo tunazungumza juu ya tumbo na ini. Najua utasema, "Ah, habari za tumbo tumezisikia: nawa mikono, chemsha maji." Ni kweli, na mambo hayo hayajabadilika. Lakini leo nataka tumtazame mtu ambaye huenda hujawahi kumwona, ingawa siku moja anaweza kuamua ni ugonjwa gani ulio nao na dawa ipi utapewa. Mtu huyo ni daktari wa patholojia. Hakai kwenye chumba cha kuonea wagonjwa. Anakaa maabara, mbele ya hadubini, na anatazama vipande vidogo vya nyama vilivyotolewa mwilini mwa watu.

Kwa nini tumzungumzie? Kwa sababu wengi wetu tukiambiwa, "Inabidi tukukate kinyama kidogo tukapime," tunaogopa. Wengine wanatoroka usiku kutoka hospitali ya rufaa. Wengine wanasema nyama yao inakwenda kuuzwa. Wengine wanakubali, lakini majibu hayawafikii kabisa, kwa sababu jina liliandikwa vingine au familia ilihamishwa kambi nyingine. Basi leo tutakifuata kinyama hicho hatua kwa hatua, ili ujue kinakwenda wapi, nani anakitazama, kwa nini mtu huyo lazima aendelee kusoma maisha yake yote, na wewe unaweza kufanya nini ili majibu yawe sahihi.

SEHEMU YA KWANZA: SI KILA TUMBO LINAHITAJI KUKATWA KINYAMA

Kwanza, utulie. Watu wengi wanaokwenda kituo cha afya kwa sababu ya tumbo hawahitaji kipimo hiki. Kuhara, minyoo, kiungulia na mengine mengi hutibiwa baada ya maelezo yako, kukuangalia, na pengine kupima choo au damu.

Kinyama hutakiwa pale ambapo vipimo vingine havitoshi. Tuseme baba wa miaka 50 anasema chakula kinakwama kifuani, kwanza ugali, baadaye hata uji. Au mama amepungua uzito, anatapika, na choo chake ni cheusi kama lami. Au kijana anaharisha damu kwa miezi mingi na dawa hazisaidii. Au mtu ana uvimbe kwenye ini. Hapo daktari anataka kuona kwa jicho na kupata kipande cha kupima.

Kwa umio, tumbo na utumbo, hutumika mpira mwembamba wenye kamera, ambao watu wa hospitali wanauita endoskopi. Unapitishwa mdomoni au njia ya haja kubwa. Ndani yake hupita kikoleo kidogo sana kinachonyofoa kipande cha milimita 2 au 3, kama punje ya mchele iliyovunjika. Kupitisha mpira kunasumbua na mtu hujisikia kutapika, lakini kunyofoa kwenyewe hakuumi, kwa sababu utando wa ndani wa tumbo hausikii maumivu ya kukatwa kama ngozi inavyosikia.

Kwa ini, hutumika sindano maalumu inayopita kati ya mbavu, baada ya kuchomwa dawa ya ganzi. Kabla ya hapo damu hupimwa kama inaganda vizuri, na baadaye mgonjwa hulala akiangaliwa kwa saa kadhaa. Kipande kinachotoka ni chembamba kama uzi. Ukikilinganisha na ini zima ni kidogo mno, karibu sehemu moja katika elfu hamsini. Hebu fikiri: gunia la maharage, na wewe umepewa punje chache tu useme kama gunia lote ni zima au limeoza. Ndiyo maana anayetazama lazima awe mtu aliyefundishwa vizuri.

SEHEMU YA PILI: KINYAMA KINAKWENDA WAPI?

Mara kinapotoka, kipande kinatiwa kwenye kichupa chenye maji ya dawa yanayoitwa formalini. Kazi ya formalini ni kuzuia nyama isioze. Kipande kisipotiwa humo, kikiachwa kwenye pamba kavu au kwenye maji ya kawaida, kitaharibika, na hakuna daktari duniani atakayeweza kukisoma.

Maabara, kipande hukaushwa maji kwa spiriti, kisha huzamishwa katika nta ya moto. Nta ikipoa inakuwa donge gumu kama mshumaa, na nyama imo ndani yake. Halafu fundi wa maabara anakata donge hilo kwa kisu cha mashine, vipande vyembamba vya maelfu machache ya milimita, vyembamba kuliko unywele wako mara nyingi. Kipande kinawekwa juu ya kioo na kutiwa rangi mbili: moja inafanya viini vya seli kuwa vya zambarau, nyingine inafanya sehemu zilizobaki kuwa za waridi. Bila rangi, kila kitu kingeonekana kama ukungu.

Kazi hiyo haimalizwi kwa saa moja. Hata penye mashine nzuri na umeme usiokatika, inachukua siku. Ukijumlisha safari kutoka kambini hadi hospitali ya mkoa, na kutoka huko hadi maabara ya mji mkubwa, wiki zinaweza kupita. Tena, madaktari hawa ni wachache. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, daktari mmoja wa patholojia anahudumia watu laki kadhaa, na mahali pengine hata milioni moja au zaidi. Kwa hiyo majibu yakichelewa, usidhani moja kwa moja kwamba wamekudharau kwa kuwa wewe ni mkimbizi. Mwenyeji naye anasubiri katika foleni hiyohiyo.

Na je, nyama inauzwa? Hapana, ndugu yangu. Kipande cha milimita 2 kilicholoweshwa formalini hakina faida kwa mtu yeyote isipokuwa wewe. Donge la nta hutunzwa maabara, mara nyingi kwa miaka, ili daktari mwingine akitaka kuhakikisha, aweze kukata tena na kutazama upya. Kumbuka hilo, tutalirudia.

SEHEMU YA TATU: MAGONJWA YANAYOFANANA

Sasa tuingie chumbani kwa daktari wetu. Ameweka kioo chini ya hadubini. Anaona nini?

Tumchukue yule kijana anayeharisha damu. Utumbo wake una vidonda. Vidonda hivyo vinaweza kuletwa na amiba, mdudu wa maji machafu. Vinaweza kuletwa na kifua kikuu, maana kifua kikuu hakiishi mapafuni tu, kinaweza kuingia utumboni. Vinaweza pia kuletwa na ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia utumbo wenyewe. Kwa macho ya kamera, magonjwa hayo yanaweza kufanana kama mapacha.

Lakini dawa zake hazifanani hata kidogo. Ugonjwa wa kinga hutibiwa kwa dawa za kuipunguza nguvu kinga, kwa mfano zile za jamii ya steroidi. Ukimpa dawa hizo mtu mwenye amiba, amiba inapata nafasi ya kula utumbo hadi ukatoboka, na mgonjwa anaweza kufa. Ndiyo maana daktari anatafuta kwa makini amiba zilizomeza chembe nyekundu za damu. Anatafuta pia vinundu vya kifua kikuu, na hutia rangi maalumu inayowafanya vijidudu vya kifua kikuu waonekane kama vijiti vyekundu. Akikosea hapo, aliyeko kitandani ndiye anayelipa.

Tumchukue mwingine, mvuvi aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika au Ziwa Albert. Ametapika damu nyingi, bandama limevimba, tumbo limejaa maji. Majirani wanasema amerogwa, au wanasema ni pombe. Daktari anatazama kipande cha ini au cha utumbo na kuona mayai madogo yenye mwiba ubavuni. Ni mayai ya kichocho cha tumbo. Wadudu wake wanaishi ndani ya mishipa ya damu ya tumbo, na mayai yanayokwama ndani ya ini yanajenga makovu kuizunguka mishipa. Damu ikikosa njia, inarudi nyuma na kuivimbisha mishipa ya umio mpaka inapasuka. Makovu hayo yalielezwa mwaka 1904 na daktari wa patholojia aitwaye Symmers, aliyefanya kazi Misri. Mtu huyu hakurogwa, na huenda hajaonja pombe maishani mwake.

Wa tatu ana ini lenye makovu kutokana na homa ya ini aina ya B. Chini ya hadubini, baadhi ya seli za ini lake zinaonekana kama kioo chenye ukungu, kwa sababu zimejaa sehemu za kirusi. Daktari anayeijua alama hiyo anaweza kuandika, "Mpimeni homa ya ini B," hata kama hakuna aliyewahi kuwaza kumpima. Na mmoja akigundulika, mke au mume na watoto nao wanapimwa.

SEHEMU YA NNE: KWA NINI DAKTARI ANARUDI SHULE?

Hapa mtu anaweza kuuliza: "Mtangazaji, daktari huyo si alishasoma miaka mingi? Kwa nini aendelee kusoma?"

Nitakujibu kwa kisa cha kweli. Zamani madaktari wote walifundishwa kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo, pilipili na asidi. Walifundishwa pia kwamba hakuna bakteria anayeweza kuishi katika asidi ya tumbo. Mwaka 1979, huko Perth, Australia, daktari wa patholojia aitwaye Robin Warren alikuwa akitazama vinyama vya tumbo kwa hadubini. Akaona vijidudu vilivyojipinda juu ya utando wa tumbo lenye uvimbe. Hakuvipuuza. Aliendelea kuvitafuta kwa wagonjwa wengine, kisha akaungana na daktari kijana, Barry Marshall. Watu wengi hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao yeye mwenyewe, na tumbo lake likapata uvimbe. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Leo, kwa sababu ya kazi yao, vidonda vingi vya tumbo vinapona kwa dawa za kuua bakteria pamoja na dawa ya kupunguza asidi, zikinywewa kwa siku zilizopangwa, bila kuruka. Tunajua pia kwamba bakteria huyo akikaa tumboni miaka mingi anaweza kuchangia saratani ya tumbo. Sasa fikiri daktari aliyemaliza masomo kabla ya habari hiyo, halafu akafunga vitabu vyake. Angeendelea kumwambia mama mwenye kidonda, "Acha mawazo, kunywa maziwa." Mama angerudi kila mwezi na kidonda kilekile.

Na si mambo ya Australia tu. Hapa kwetu, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alieleza mwaka 1958 habari za watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Madaktari wa patholojia wa Kampala walipozitazama sampuli, waliona kwamba uvimbe wa taya na uvimbe wa tumboni uliokuwa ukiwaua watoto wengine ulikuwa ugonjwa mmoja. Ni saratani ya chembe za kinga, ambayo mara nyingi husikia dawa ikiwahiwa. Elimu hiyo ilitoka Afrika Mashariki, na dunia nzima ikajifunza kutoka hapa.

Hata majina ya magonjwa yanabadilika. Shirika la Afya Duniani hutoa vitabu vinavyopanga uvimbe na saratani za mwili, na kitabu cha mfumo wa chakula kilitolewa upya mwaka 2019. Daktari anayetumia majina ya zamani anaweza kumfanya daktari wa tiba achague dawa isiyofaa.

Basi wanajifunzaje? Wapo wanaokutana chumba kimoja na kutazama kioo kimoja kwa hadubini yenye macho mengi, kila mmoja akisema anachokiona na kwa nini. Wapo wanaopiga picha ya kioo na kuituma kwa intaneti kwa mwenzao aliyebobea katika ini, awe Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Ulaya. Wapo wanaokaa kila wiki na madaktari wa upasuaji, wa saratani na wa picha, wakizungumzia mgonjwa mmojammoja: hadubini imesema hivi, picha imesema vile, mgonjwa mwenyewe anaendeleaje? Na wapo wanaofungua tena makabati yao, wakalinganisha walichoandika mwaka jana na kilichompata mgonjwa baadaye. Wahenga walisema elimu ni bahari, na baharini hakuna anayesema amefika mwisho.

Elimu hiyo inakwenda pande zote mbili. Daktari wa Ulaya au Marekani ambaye hajawahi kuona kichocho anaweza kumpokea mkimbizi mwenzetu aliyehamishiwa huko, akaona makovu ya ini na asijue yametoka wapi. Inabidi naye ajifunze magonjwa yetu. Wakimbizi wengi waliotoka Afrika kwenda Marekani walipewa dawa za minyoo na za kichocho kabla ya safari.

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA TANO: KITU AMBACHO HADUBINI HAIWEZI KUKIONA

Ndugu msikilizaji, sikiliza sehemu hii kwa makini, maana ndiyo inayokuhusu zaidi.

Daktari wa patholojia hakuoni wewe. Anaona kioo na karatasi moja iliyoandikwa na aliyekutuma. Karatasi ikiwa tupu, anasoma kioo kama mtu anayesoma barua iliyochanika nusu. Wewe unaweza kuijaza nusu ile nyingine. Unapoulizwa, au hata usipoulizwa, sema mambo haya:

Sema ulikoishi. Kama ulikulia kando ya ziwa, ulivua, uliogelea au ulichota maji huko, sema. Miaka 10 baadaye bado ni habari muhimu.

Sema dawa zote ulizokunywa, za hospitali, za dukani na za miti shamba. Usione aibu. Hakuna anayekuhukumu. Baadhi ya dawa, hata za kawaida zikizidi kipimo, zinaumiza ini, na chini ya hadubini dhara lake linaweza kufanana na homa ya ini.

Sema ukweli kuhusu pombe, iwe gongo, lutuku, kanyanga, chang'aa au waragi. Na kama hunywi, sema pia, ili usiandikwe mlevi bure.

Sema kama katika familia kuna aliyekufa kwa ini, aliyekuwa na macho ya manjano, au anayetibiwa kifua kikuu. Sema kama unatumia dawa za virusi vya ukimwi.

Sasa tuje kwenye jina. Sisi tuliokimbia tuna shida ambayo wengine hawana. Jina lako moja limeandikwa kwa Kifaransa Kongo au Burundi, likaandikwa tena kwa Kiingereza kambini, na likaandikwa mara ya tatu hospitalini jinsi mwandishi alivyolisikia. Wengi wetu tumeandikiwa kuwa tulizaliwa tarehe 1 Januari. Katika maabara, watu watatu wenye jina linalofanana na tarehe moja ya kuzaliwa ni hatari. Majibu ya saratani yanaweza kumfikia mtu mwenye kidonda, na mwenye saratani akaambiwa yuko salama.

Kwa hiyo, siku ya kipimo, nenda na kadi yako ya ukimbizi. Omba jina liandikwe kama lilivyo kwenye kadi, na namba ya kadi iandikwe pia. Kabla hujaondoka, uliza kwa upole: "Daktari, naomba kuona jina langu kwenye kichupa." Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu. Mfanyakazi mzuri atafurahi.

Kisha omba namba ya maabara, na uiandike mahali pasipopotea. Ukihamishwa kambi, ukirudi nyumbani kwa hiari yako, au ukipelekwa nchi ya tatu, omba nakala ya ripoti. Usiondoke na maneno ya mdomo tu. Ukiwa na namba hiyo, daktari mpya anaweza kuuliza habari za lile donge la nta na kuomba litazamwe tena. Bila namba, pengine utaanza upya: mpira tena, sindano tena, wiki nyingine za kusubiri.

Na kama majibu yamesema jambo zito, una haki ya kuuliza, "Je, kuna daktari mwingine aliyekitazama kioo hiki?" Madaktari wa patholojia wenyewe huombana maoni kila siku. Si kumtilia mwenzako shaka, ndivyo kazi yao ilivyo.

SEHEMU YA SITA: KABLA HATUJAFIKA KWENYE HADUBINI

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Magonjwa mengi ambayo daktari wetu anayaona yangeweza kuzuiwa mapema.

Homa ya ini B. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi nayo, na watu milioni 1.1 walikufa kwa sababu yake. Mtoto mchanga akiambukizwa, mara 9 katika 10 kirusi hubaki mwilini mwake. Mtu mzima akiambukizwa, wengi hukiondoa wenyewe. Kwa hiyo mtoto ndiye wa kulindwa kwanza. Chanjo imo ndani ya ile inayotolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Usiruke hata moja. Uliza pia kama kituo chako kina chanjo ya homa ya ini ya siku ya kuzaliwa. Na wewe mtu mzima, usichangie wembe, iwe wa kunyoa, wa kukata kucha au wa kuchanja chale. Lakini kula sahani moja, kushikana mikono na kukumbatiana havileti homa ya ini B. Usimtenge ndugu yako.

Homa ya ini E. Hii inakuja na maji machafu, na imewahi kuvamia kambi. Kuanzia mwaka 2007, katika eneo la Kitgum kaskazini mwa Uganda, zaidi ya watu 10,000 waliugua. Ni hatari sana kwa mama mjamzito. Mjamzito mwenye macho ya manjano asisubiri kesho.

Ukungu wa nafaka. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zinaweza kuwa na sumu inayoitwa aflatoksini. Ikiwa nyingi inaua haraka. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya. Ikiwa kidogo kila siku kwa miaka, inachangia saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini B. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Najua mgao ni mdogo na kutupa chakula kunauma. Basi anza mapema: anika vizuri, weka gunia juu ya mbao, mbali na sakafu yenye unyevunyevu, na uchague punje zilizobadilika rangi kabla ya kusaga.

Kichocho. Kuna dawa, nayo inafanya kazi. Ikija siku ya kugawa dawa shuleni au kambini, mpeleke mtoto.

Na dalili hizi zisikae nyumbani: kutapika damu, choo cheusi kama lami au chenye damu, chakula kukwama, macho ya manjano, tumbo kujaa maji, kupungua uzito bila sababu. Kama unakunywa vidonge vya kuongeza damu, vinaweza kufanya choo kiwe cheusi. Mwambie mhudumu ili asichanganyikiwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

MASWALI YA KIKUNDI CHA USIKILIZAJI

Baada ya kusikiliza, kaeni pamoja mjadili:

1. Katika kambi yetu, watu wanasema nini kuhusu kukatwa kinyama? Ni lipi la kweli, ni lipi la uvumi?

2. Nani kati yetu anangoja majibu? Je, ana namba ya maabara? Tumsaidieje kufuatilia?

3. Majina yetu yameandikwaje kwenye kadi na kwenye karatasi za hospitali? Yanalingana?

4. Ni watoto gani wa block yetu hawajamaliza chanjo?

Mhudumu wa afya ya jamii akiwapo, mwombeni akae nanyi. Maswali atakayoshindwa, ayaandike ayapeleke kituoni.

Ndugu msikilizaji, yule daktari usiyemwona anaendelea kusoma usiku ili asikose kile kijidudu kidogo, lile yai lenye mwiba, ile seli yenye ukungu. Sehemu yako ni kumpa habari za kweli, jina sahihi, na kufuata majibu mpaka yakufikie mkononi. Mkifanya hivyo wote wawili, punje chache za gunia zinaweza kusema ukweli wa gunia zima.

Wape habari hizi jirani, mama mkwe, na wale vijana wa mpira. Mpaka kipindi kijacho, Mungu akulinde, na kaa salama.

(Muziki wa kufunga.)